Perege Aliyeuzidi Mkono Wangu

Siku hiyo mtoni Momba tulikuwa wanawake watano, kama mtoto wa kike naye anahesabiwa, na mimi namhesabu. Alikuwepo mama mkwe wangu. Alikuwepo mdogo wake, tumbo moja, aliyeachika kwa mumewe akarudi kukaa na dada yake. Alikuwepo wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Alikuwepo jirani yetu mjane, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale, ila ulimi wake uliingia nyumba zote. Na mimi, mke wa mtoto wa kiume, niliyeshushwa kutoka Ihanda juu, kwenye baridi na kahawa, kuja kuolewa bondeni kwenye joto na mbu. Majina yao yote ninayo, na majina ya baba zao pia. Siyaandiki. Wajukuu wao wapo, na mimi bado nakwenda kwenye misiba yao.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchimba shaba Rodesia kama wanaume wengi wa kwetu. Unavuka mpaka hapo Tunduma, unapotea. Aliondoka mahindi yetu ya kwanza yakiwa bado shambani, akaniacha na mama yake.

Kiangazi mto Momba hukatika. Maji yanabaki madimbwi madimbwi, na samaki wamejaa humo kama watu kanisani siku ya Krismasi. Wanawake tunaingia na vikapu vya kuvulia, vipana mdomoni, tunakwenda kwa mstari tukichafua maji kwa miguu. Samaki wakipanda juu kutafuta pumzi, tunawazoa. Kambale hakuna anayempima, ukimpata umempata. Perege ndiye anayepimwa. Unamlaza juu ya mkono wako uliofunguliwa, mkia pale kiganja kinapoanzia, mdomo kuelekea kidole cha kati. Akipita ncha ya kidole, wako. Asipopita, mrudishe majini, tena kwa upole, kichwa kwanza. Wazee walisema samaki anayeenea mkononi mwako ni mtoto wako, na mtu hali mtoto wake.

Ni sheria nzuri. Sikuipinga wakati ule, na leo nikiona watu wameanika vitoto vya perege vidogo kama ukucha nasema laiti wangeletwa wale wazee na fimbo zao. Ubaya ulikuwa kwenye swali moja tu: mkono wa nani?

Kila mtu alipima kwa mkono wake. Wifi yangu, kwa kale kakiganja kake, alikuwa anabeba samaki wadogo hadharani na kuwabanika kwenye kijiti, na hakuna aliyemgusa. Lakini mke aliyeolewa ambaye bado hajapewa mafiga yake, anayekula chungu cha mama mkwe, alipima kwa mkono wa mama mkwe. Na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kiganja kama jembe. Nikipata perege, nampelekea ampime. Wengi walirudi majini. Waliopita waliingia kikapuni mwake, kisha chunguni mwake, na jioni mimi nilipata mchuzi na mkia.

Mafiga alininyima kwa makusudi. Mke wa mwanawe mkubwa alipewa jiko mapema, mume akachelewa Rodesia, naye akafunga mzigo akavuka mpaka kwa mwanamume mwingine. "Mwanamke ukimpa mafiga umempa njia," mama mkwe alipenda kusema, mimi nikiwa hapo hapo napepeta ulezi. Nilimwelewa. Lakini yule aliyevuka mpaka hakuwa mimi, na nilichoka kutembea na miguu yake.

Basi, siku hiyo nikazoa perege mmoja, mnene, mweusi mgongoni. Nilijua kabla ya kumlaza popote kwamba kwangu atapita na kwa mama mkwe hatapita.

"Lete," mama mkwe akasema. Alinyoosha mkono bila hata kunitazama.

Sikupeleka. Nikamlaza mkononi mwangu mwenyewe, mbele ya wote. Mdomo wake ulikuwa nje ya kidole.

"Amepita," nikasema.

"Amepita wapi?"

"Amepita mkono, Mama."

"Mkono gani?"

"Huu."

Mjane akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya! Kumbe bibi harusi alikuja na mikono!"

Mama mdogo akanisogelea, sauti ya chini. "Mwanangu, mpe mama yako ampime, yaishe. Samaki mmoja tu huyo."

"Kama ni mmoja tu, Mama mdogo, aniachie."

Hapo mama mkwe akanitazama. "Mkono wako uko kwenu Ihanda unachuma kahawa. Huku huna mkono. Mtoto huna, jiko huna. Utampika wapi huyo? Kwenye paja?"

"Nitampika kwenye mafiga yangu."

"Uliyopewa na nani?"

"Nitayaokota."

Kwa watu wale, mafiga ya mke huletwa na mama mkwe, na moto wa kwanza hutoka jikoni kwake. Kujiokotea ni kama kujilipia mahari. Nikaendelea kuvua. Perege wawili waliofuata hawakupita kidole changu, nikawarudisha, kichwa kwanza, polepole, mama mkwe akiangalia. Nilitaka aone kwamba sheria naishika.

Kisha nikachagua mawe matatu palepale mtoni, laini, ya mviringo, nikayabeba kichwani mpaka nyumbani. Mama mkwe alinitangulia. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake anapukuchua mahindi, mgongo wima. Nikayapanga mawe yangu kando ya nyumba niliyolala. Moto nikaomba kwa mjane, akanipa kijinga, akisema, "Usiseme nimekupa mimi!" kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Nikatoa chungu nilichotoka nacho kwetu, kilichokuwa kimekaa miezi yote hiyo kikitunza mbegu za maboga. Nikakisugua. Moto ukashika vizuri.

Nikainama kukiteleka, na jiwe moja likalia paa! Kipande kikaruka, kikagonga ukuta. Wifi yangu akapiga kelele.

Mama mkwe alikuwa ameshafika, gunzi mkononi. "Mawe ya mto hayo! Unataka kujitoa jicho?"

"Kwetu tunapikia mawe, Mama."

"Kwenu mawe ya mlimani, makavu. Haya yamekunywa maji tangu yaumbwe. Huku tunakata kichuguu."

"Kichuguu kipi?"

Akafunga mdomo. Niliona ameyasikia maneno yake mwenyewe. Nikainua chungu changu tena, nikakielekeza kwenye mawe mawili yaliyobaki na kile kipande.

"Hicho cha nyuma ya banda la mbuzi!" akafoka. "Kata vipande vinene. Na vilaze kidogo ndani, chungu kisiyumbe."

Mama mdogo akapiga makofi mara moja. "Dada, hapo si umempa mafiga?"

"Sijampa. Nimesema mawe ya mto yanapasuka. Hata wewe ungesema."

"Mimi nilikuwepo, na sikusema."

Nikachukua jembe nikaenda kukata kichuguu. Nilimpika perege yule kwa chumvi na nyanya zile ndogo ndogo, nikasonga ugali wangu wa ulezi. Kipande cha katikati, chenye nyama, ambacho sikuwahi kukionja tangu niolewe, nikakitia kwenye bakuli nikampelekea mama mkwe kwa mkono wa wifi yangu. Bakuli likarudi tupu, limeoshwa. Hakusema kitamu, hakusema kibaya.

Siku tuliyokwenda tena mtoni nilipima kwa mkono wangu. Mjane akasema, "Naona mkono umeshuka kutoka Ihanda. Ulikuja kwa miguu?" Tukamtazama mama mkwe.

"Vueni," akasema. "Maji yanatulia."

Ruhusa nyingine sikuwahi kupewa, na hiyo sikushukuru. Mume wangu aliporudi alinikuta jikoni kwangu, akauliza nani alinipa mafiga. Nikamwambia, kichuguu. Nami nilipopata wakwe, wake za wanangu, walipima kwa mikono yao tangu siku waliyofika, na waliosema nawadekeza niliwaacha waseme.

Sasa, nimeandika ninavyokumbuka, na mimi shule yangu ni ya kujua kusoma Biblia tu. Huenda mama mdogo alikuwa bado hajaachika kiangazi kile, alikuja kutembea tu. Huenda kichuguu kilikuwa nyuma ya ghala. Kule bondeni wapo waliosimuliwa na mama zao. Wasione haya, waje wanirekebishe. Nitawapa kigoda na nitawasikiliza mpaka mwisho. Kukubali ni jambo jingine.