Dakika Kumi na Moja Kwenye Chaneli ya 16

Saa nane mchana Leonisa Tabirara anavua kandambili, anaketi kwenye kiti cha plastiki na kuvuta maikrofoni karibu na mdomo. Chumba chake kiko juu ya ghala la barafu la ushirika wa wavuvi wa Hinipaan, kisiwani Catanduanes, mashariki mwa Ufilipino. Chini ni baridi, juu bati linaunguza.

"Vyombo vyote, vyombo vyote, huku Kituo cha Hinipaan. Anayerudi ataje jina la chombo, yupo wapi, na wako wangapi. Ova."

"Kituo, huku Bituon," anajibu mwanamume mmoja, injini ikinguruma nyuma yake. "Tupo watatu, tumepita mwamba mweupe, baada ya saa moja tutakuwa nchi kavu. Halafu Manay, mwambie mke wangu aweke wali jikoni, njaa inaniua."

"Bituon, nimekupata, watu watatu. Mambo ya wali hamia chaneli ya 68."

"Lo! Manay, neno moja tu!"

"Chaneli ya 16 ni ya wito na dharura, si jiko la mkeo. Hama. Ova."

Wengine wanacheka hewani. Yeye hacheki. Anaandika kwenye daftari: Bituon, watatu, mwamba mweupe, saa nane na dakika sita.

Hapa kila mtu humwita Manay, dada mkubwa, hata wanaomzidi umri. Ana miaka hamsini na minne. Zamani alikuwa akisuka mikeka ya abaka, nyuzi za mmea unaofanana na mgomba. Miaka tisa iliyopita ushirika ulipopata redio, alichaguliwa yeye kwa sababu, anavyosema, "sauti yangu ilikuwa kali na sikuwa na mtoto mdogo". Malipo yake ni gunia moja la mchele kwa mwezi.

Kijiji kina mashua sitini na tatu za injini. Zenye redio ni kumi na tisa. Zilizobaki huenda na simu za mkononi, ambazo mtandao wake hufa kabla hujaacha kuona mnara wa kanisa.

"Watu wanadhani redio ni kama simu," anasema. "Si simu. Mmoja akibonyeza kitufe, wengine wote wamezibwa. Na aliye karibu anammeza aliye mbali. Nimewafundisha hilo mpaka wakanichoka."

Anayajua hayo kwa uchungu. Novemba mwaka juzi, saa nne asubuhi, jua likiwaka, alikuwa hapo hapo alipoketi sasa.

"Nikasikia meidei, wito wa kuomba msaada, mara tatu. Nilimjua mara moja, Manoy Aris. Akasema, 'Huku Lady Jovelyn, tupo watano, maji yanaingia, tuko...' Basi. Hapo hapo ikaingia injini ya mashua nyingine, na mtu anaimba."

Ariston Templonuevo, Manoy yaani kaka mkubwa kwa wanakijiji, nahodha wa Lady Jovelyn, alikuwa na miaka arobaini na saba. Leonisa alibonyeza kitufe, akapiga kelele mwimbaji anyamaze. Haikusaidia, kwa kuwa redio inayorusha sauti haisikii. Alipiga simu, haikuita. Alikimbia hadi dirishani, akarudi. Mtu yule alimaliza wimbo mmoja, akaanza mwingine.

Dakika kumi na moja. Kisha pakawa kimya, na Leonisa akaita Lady Jovelyn mpaka sauti ikamkauka. Hakujibiwa.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, Aris alikuwa ametaja anakokwenda: kwenye chelezo cha kuvutia samaki, upande wa kusini. Huko ndiko Leonisa alikowaelekeza watafutaji. Mashua ishirini na mbili zilizunguka kusini siku tatu. Siku ya nne meli ya mizigo iliokota wawili wakiwa hai, wameshikilia bawa la mianzi la mashua yao, maili ishirini na tano kaskazini. Aris na wenzake wawili hawakuonekana tena.

Mmoja wa waliopona ni Wilmer Tapel, mwenye miaka ishirini na tisa. Sasa anauza mkate asubuhi na hataki kuikaribia bahari.

"Samaki hawakuwepo kusini, tukahamia kaskazini," anasema. "Manoy Aris alitaja mahali tulipo mara nne. Mara nne, nilihesabu. Akiachia kitufe tunasikiliza jibu, tunasikia wimbo. Nikamwambia, 'Manoy, jaribu tena.' Akasema, 'Acha kwanza amalize.' Maji yalikuwa yamefika kwenye betri."

Aliyekuwa akiimba ni Gaudencio Tabirara, mume wa Leonisa.

Alikuwa karibu na pwani, anarudi na samaki wengi, amefurahi. Maikrofoni ilikuwa imeanguka chini ya benchi na dumu la maji likakandamiza kitufe. Hakujua. Wala hakujua siku tatu zote alizotafuta pamoja na wenzake, akitoka alfajiri na kurudi amevimba macho kwa chumvi.

Mkewe alijua tangu neno la kwanza la wimbo.

"Kila jioni nasema leo nitamwambia," Leonisa anasema, akiangalia mikono yake. "Namwona anakula, nasema ngoja amalize. Akimaliza analala. Halafu nikajiambia, nikimwambia hatatoka kesho, na kila mashua inahitajika. Nilijidanganya hivyo."

Siku ya tano kijiji kilikutana ukumbini. Mkuu wa kijiji aliuliza ni nani aliyekuwa akiimba. Wenye redio wote walikuwa wameisikia sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikiimba kwenye kila harusi. Wote walitazama sakafu. Gaudencio naye alikuwa akigeuza shingo, anamtafuta mwenye kosa.

Leonisa akasimama. "Ni mume wangu," akasema.

Tangu siku hiyo Gaudencio hajapanda mashua. Huenda mlimani kuchuna abaka, hurudi, huketi nyuma ya nyumba. Nilipomweleza kwamba watu wengi wanasema ilikuwa ajali, aliinuka.

"Dumu nililiweka mimi," akajibu, akaingia ndani.

Mjane wa Aris hakuwahi kuja kuwatukana. Leonisa anasema ingekuwa afadhali. Aliyebaki na kinyongo ni mwana wa Aris, Renante, mwenye miaka ishirini na minne, ambaye sasa ndiye nahodha wa mashua ya mjomba wake. Inaitwa Amihan, na ina redio. Lakini Renante haripoti akiondoka wala akirudi.

"Nilimfuata ufukweni," Leonisa anasimulia. "Nikamwambia, 'Rene, nichukie, lakini taja jina na mahali.' Akasema, 'Manay, baba yangu alitaja.' Akaendelea kufunga kamba."

Wapo waliomfuata Renante. Mwaka juzi redio kumi na tisa zote zilikuwa zikiita kituo. Mwezi uliopita ziliita saba. Leonisa aliwafundisha wasichana watatu kazi hii, na wote wameondoka kwenda Manila. Aliomba uongozi wa ushirika umwondoe. Wakamwambia hakuna mwingine.

Saa kumi na nusu jioni, mashua zote saba zinazoita zimekwisha kuripoti. Wingu zito limeziba upande wa kaskazini. Leonisa anabonyeza kitufe.

"Amihan, Amihan, Amihan, huku Kituo cha Hinipaan. Rene, taja mahali ulipo. Ova."

Redio inakwaruza tu. Anasubiri dakika nzima, anaita tena. Kwenye daftari anaandika jina la mashua na kuacha nafasi wazi mbele yake, kama alivyofanya jana na juzi.

Namuuliza anatarajia nini, baada ya yote haya. Anaweka kidole kando ya kitufe, si juu yake.

"Msamaha siombi," anasema. "Nataka siku moja tu aniitikie. Hata kwa matusi, anitukane mimi na mume wangu, wote wasikie. Nitajua redio yake inafanya kazi."