Kopi Zilizosahihishwa Uani Kwangu

Shule niliiachia darasa la tatu, Kabambare, kwa sababu ya mwalimu aliyekuwa anatupiga huku akipiga miayo. Huyo simuongelei leo. Namuongelea asistani, mwalimu musaidizi wa chuo kikuu, aliyepanga chumba kwangu hapa Kasongo, mutu wa shati jeupe na sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na chumvi.

Kopi za mutihani, karatasi za majibu ya wanafunzi, alizisahihishia uani kwangu. Silabi yake, kile kitabu cha somo alichowauzia wanafunzi, aliiweka kwenye goti la kushoto. Kopi, goti la kulia. Kusoma hakusoma, alilinganisha. Neno likifanana, alama. Lisipofanana, mustari mwekundu. Mbuzi wangu alikula kurasa mbili za kopi moja, na mwenye kopi akapata kumi na mbili juu ya ishirini, maana ukurasa uliobaki ulifanana.

Siku moja, asistani ameketi na mwenzake wa chuo, akabisha hodi mwanafunzi wake, binti kutoka kijiji cha Lusangi. Alikuwa amepata nne juu ya ishirini. Swali lilikuwa: kwa nini watu wanaacha mashamba na kwenda kuchimba dhahabu?

Asistani akamusomea mwenzake jibu la binti kwa sauti: muhogo wa baba uliozea njiani, lori halikufika, baba akaenda kuchimba dhahabu Salamabila, shimo likamufukia.

“Kitabu gani hiki?” akauliza.

“Si kitabu, Prof. Ni baba yangu.”

“Haa! Baba ndiye mwandishi! Ukurasa wa ngapi?”

“Mwache,” mwenzake akadakia, “huyo mwandishi iko chini sana, hatumufikii.”

Wakacheka mpaka kiti kikalia. Kiti chenyewe nilikinunua kwa fundi mulevi, lakini basi.

Binti hakulia. “Prof, nionyeshe mahali nilipodanganya.”

“Hujadanganya popote. Ila mimi sikukufundisha hayo.”

“Nikianguka somo hili, mjomba halipi tena. Amesema nirudi kulima.”

“Vizuri! Ukalime, halafu utatueleza kwa nini watu wanaacha mashamba.”

Kicheko kikamuponyoka tena asistani, na kalamu nyekundu nayo ikaanguka chini ya kiti. Binti akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa kitenge chake, akamupa kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, kama mutoto aliyelelewa.

“Asante, mama,” asistani akasema. Akakata ile nne, akaandika mbili. “Moja ya kubishana, moja ya kunipotezea wakati.”

Akanigeukia mimi: sombe imeiva?

Binti alikuwa bado amesimama pale, mikono mitupu mbele yake.