Jina Lililoitwa Mara Tatu

Sijui kama ninayakumbuka yote sawasawa. Shule niliishia darasa la nne. Lakini siku ile nilikuwepo, na nilisikia.

Mume wa shangazi yangu alifariki Koboko katikati ya kesi. Yeye na mfanyabiashara mmoja waligombania kiwanja hapa Arua. Nani alisema kweli, siwezi kuapa. Karatasi za wote wawili zilikuwa na muhuri. Shangazi alikitegemea kiwanja hicho. Nyumba ya Koboko ilikuwa ya ndugu za marehemu, na eda ikiisha ilibidi atoke.

Akiwa bado edani, tarishi wa korti akaleta karatasi yenye jina la shangazi, maana kesi sasa ilikuwa yake. Mfanyabiashara alimwomba hakimu amalize kesi ampe kiwanja. Anayepinga aandike majibu, kisha afike siku iliyotajwa. Nilimsomea shangazi huku anasuka kawa. Mikono yake haikusimama.

"Miezi minne na siku kumi, mimi sitoki. Hata serikali inajua mjane hatoki."

"Basi tuandike, shangazi."

"Niandikie mwanamume mgeni, na mimi iko ndani ya eda? Wewe nawe! Enda sikiliza tu. Usifungue mdomo."

Nikaenda kortini, nikakaa barazani na watu wengine. Karani akasimama mlangoni, akaita jina la shangazi. Sauti ile! Ilipita juu ya baiskeli, ikavuka uwanja, na muuza mihogo kule barabarani akageuka. Akaita tena. Alipoita mara ya tatu, nilikuwa kama niliyesikia maiti akiitwa. Nikabana mdomo. Jina halikuwa langu.

Karani akarudi ndani. Muda si muda mfanyabiashara akatoka, anafunga karatasi zake kwa kamba. Kiwanja kilikuwa chake. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyelia. Mpaka leo nashangaa jambo kubwa vile lilipita kimya vile.

Eda ilipoisha tukaenda wote wawili. Hakimu, nisimwonee, alitupa viti.

"Pole, mama. Ningeambiwa uko edani, ningengoja. Sasa mwenzako amejenga mpaka madirishani. Siku ile hukuwa na mtu hapa?"

"Sikuwa," shangazi akasema upesi.

"Nilikuwepo mimi," nikasema.

Hakimu aliniangalia, kisha akalifunga jalada la kesi.

Shangazi alihamia kwangu Awindiri, hapahapa Arua. Hakunilaumu hata siku moja, na sijui kama ningelaumiwa ningepumua vizuri zaidi. Ila asubuhi moja, anasuka, akaniuliza, "Hebu, waliniitaje?"

Nikasimama mlangoni, nikaliita jina lake kwa sauti ya karani.

"Labeka!" akaitikia, kabla sijalimaliza.