Mierebi Iliyomdanganya Siv

Habari zilianzia dukani: jana ukingo wa mto ulimmeza ng'ombe wa Siv Hedlund, mchana kweupe, penye mierebi, ile miti ya kando ya maji. Penye mierebi! Hapo ndipo wanangu hupita wakienda kuvua samaki. Nilizima jiko. Nikaenda.

Saa tatu asubuhi, Siv, mfugaji wa miaka sitini na tatu hapa Selbyn, kaskazini mwa Uswidi, anakata mierebi kwa msumeno, apate nguzo za ua. Kaka yake, Evert, anaburuta matawi.

"Ni kweli, Siv?"

"Kweli. Ng'ombe wangu Majros. Tulimvuta kwa trekta, lakini mguu ulishavunjika. Tukamchinja."

"Na alikataa kupita," Evert anadakia. "Ng'ombe ana akili. Dada yangu akamsukuma matakoni."

"Nyamaza wewe! Nani alikuwa nyuma yangu anapiga kelele, 'Mpitishe kwenye mierebi, ndiko kwenye ardhi ngumu'?"

Evert anarudi kwenye matawi yake.

Ndivyo baba yao alivyowafundisha, na baba zetu pia. Zamani theluji ikiyeyuka, mto ulifurika. Barafu ilikwangua kingo, ikang'oa kila mche. Maji yakaacha tope, nyasi zikaota hadi kifuani. Mierebi ilisimama juu tu, mafuriko yasikofika.

Bwawa la umeme lilipojengwa huko juu, mafuriko yakakoma. Mwaka hadi mwaka mierebi ikateremka mpaka majini, misonobari nyuma yake. Siku hizi maji hupanda na kushuka kila siku kwa kufuata umeme unavyotakiwa, yakila udongo kwa chini. Juu kijani, chini pango.

Siv alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Bila tope la mafuriko nyasi zimepungua; wamebaki sita, na nyasi ananunua. Leo anahamishia ua wa ng'ombe juu, penye mawe.

"Malisho ya baba nayaacha," anasema, bila kuniangalia. "Lakini si moja kwa moja. Nitawaomba wenye bwawa wafungulie maji siku chache tu kila theluji ikiyeyuka. Nyasi zitarudi."

"Watakucheka," Evert anasema.

"Wacheke. Kwenye mkutano wao nitaingia na buti hizihizi za matope."

Mpaka watakapofungulia, wazazi wenzangu:

– Msiruhusu watoto kupita kwenye mierebi, hata babu akisema ni salama.
– Msifunge mashua kwenye mti wa ukingoni.
– Msisimame ukingoni maji yakishuka.
– Mtoto akitumbukia, usimkimbilie ukiwa wima. Lala kifudifudi, utambae. Najua ni vigumu.