Mzee Wechuli na Mijusi wa Mwamba

Siku Owiti alipopanda kwenye machimbo ya mawe juu ya Maseno kutafuta kazi, alimkuta mzee mmoja ameketi, nyundo mapajani, akiutazama mwamba tu. Juu ya mwamba mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu alikuwa akiinua na kushusha kifua.

"Huyo ndiye mwenye boma," mzee alisema. "Wale wa kahawia ni wake zake. Dume mwingine akipanda hapo, watapigana mpaka mkia ukatike."

Aliitwa Wechuli, mtu wa Bungoma, na alikuwa amevunja mawe miaka ishirini na mitatu. Hakuingia chini ya mwamba kabla mijusi hawajatoka kuota jua. Mjusi akitishwa, alimweleza Owiti, huingia kwenye ufa mwembamba, akajijaza hewa, akakwama humo hata nyoka asiweze kumtoa. Ufa ukipanuka hana tena pa kujibana, basi huhama. Mwamba waliouhama mijusi ni mwamba unaotembea.

"Nyinyi Waluhya mtaabudu hata mjusi," Owiti alimtania.

"Na nyinyi Wajaluo, kisichokuwa samaki hamkioni."

Walifanya kazi pamoja miaka sita.

Asubuhi moja ya Aprili, baada ya mvua ya siku nne, lori lilikuwa linangoja mawe na hakuna mjusi aliyeonekana. Wechuli aliketi. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, mara ya pili. Wenzao wakaanza kunung'unika.

"Mzee, ni baridi tu," Owiti akasema. "Jua hakuna, watoke kufanya nini? Ama unangoja wakuandikie barua?"

Watu wakacheka. Na kweli, siku ya mawingu mijusi hukawia ndani; Wechuli mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Mzee akatazama juu, akatema mate, akachukua mtaimbo, akaingia chini.

Jiwe lilishuka bila kelele nyingi. Lilimlalia kuanzia kiunoni kwenda chini. Wengine walikimbia. Owiti alimshika makwapa, akavuta, na udongo wenye changarawe ukaanza kumwagika mgongoni mwake.

Mzee alifumbua macho, akatazama si uso wa Owiti bali juu yake. Maneno aliyoyasema yalikuwa ya mwisho, na Owiti aliyatii:

"Wacha kuvuta. Lile lingine linakuja. Toka, Owiti, una watoto."