Fukusi Ndani ya Chupa

Pale sokoni Konyo Konyo, nilimkuta mama muuza mahindi akimfokea dada wa shirika la wakulima. "Huu mfuko wenu wa kuzuia hewa hauui fukusi! Wanamaliza chakula cha watoto wangu."

"Mama, unaufungua mara ngapi?"

"Kila siku! Nitajuaje kama wamekufa?"

Dada hakucheka. Alitia mahindi na fukusi kwenye chupa ya soda, akakaza kifuniko. "Ukiufungua, hewa inaingia nao wanapona. Funga mfuko, utazame hii."

Wiki tatu baadaye nilimkuta tena mama akiwatikisia wateja chupa. Hakuna fukusi aliyetambaa. "Shukran, binti yangu," alikuwa akimwambia dada.

Waliobuni mfuko nawashukuru. Ila soda nitamnunulia yule aliyeelewa kwamba mama lazima aone.