Kizibo cha Manukato

Mtaani walimwita Pima Tena, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeshika msumeno karibu naye. Alikuwa fundi seremala, mrefu, mwembamba, penseli haimtoki sikioni hata mezani. Karakana yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba, lililogusana na ghala la mahindi la jirani. Droo alizotengeneza zilifungwa kwa kusukumwa na kidole kimoja. Mteja akimharakisha, alimwambia akanunue kiti cha plastiki. Subira yote aliyokuwa nayo aliimaliza kwenye mbao. Mke wake alibakiziwa makombo.

Mke huyo alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa wadudu wanaoharibu nafaka ghalani. Aliingia kama mwosha vyombo, akaishia kuwa mlezi wa dumuzi, yule mdudu mdogo mweusi ambaye kichwa chake kimeinamia kifuani kama mtu aliyenuna, na ambaye akiingia kwenye mahindi huacha unga mtupu. Aliwafuga kwenye mitungi ya kioo, akawapa mahindi safi, akawatenga wazee na wachanga. Kwa miaka mingi fundi aliona ni kazi ya kuchekesha.

"Watu wanaua wadudu, wewe unawalisha," alimwambia, na wote wawili walicheka.

Kicheko kiliisha alipokuja Daktari.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti aliyehamishiwa kituoni, na alitaka kujua jambo moja: dumuzi wanaotoboa miti porini na hawa wa ghalani, je, ni ukoo mmoja au ni koo mbili? Baadhi ya wadudu hao waliwasaga ili kulinganisha vinasaba vyao. Wengine waliwatia kwenye bomba la kioo lenye njia panda, harufu moja kulia na nyingine kushoto, wakaangalia wataelekea wapi. Mama watoto, kama fundi alivyomwita, alirudi nyumbani na mengi ya kusimulia, na kila simulizi ilianza na mtu yule yule.

"Daktari anasema dume akishapata chakula kizuri hutoa harufu, wenzake wakaja."

"Anasema."

"Leo tumewapa njia mbili wachague. Wengi wameenda kulia."

"Na wewe umepewa njia ngapi?"

Alisita na kijiko mkononi. "Njia za nini, baba watoto?"

"Kula, chakula kinapoa."

Tangu hapo kila kitu kilimchoma. Daktari aliomba taa ya mezani kwa ajili ya macho ya mlezi wake wa dumuzi, kilimchoma. Daktari aliisifu mikono yake, kwamba inatenga dume na jike bila kuvunja mguu hata mmoja, kilimchoma zaidi. Fundi aliitazama mikono yake mwenyewe, yenye gundi na makovu. Akakumbuka meza ya kujipambia aliyomwahidi mkewe walipooana, ahadi iliyozeeka pamoja nao. Akaanza kuitengeneza kwa mbao laini nyeupe, kioo cha duara, droo moja yenye kufuli. Mkewe alipouliza, alimjibu ni kazi ya mteja.

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, mama mwenye ulimi mrefu kuliko uzi wake, ndiye aliyemwaga petroli.

"Fundi, mwenzio siku hizi akipita anaacha harufu nyuma. Umemnunulia nini?"

"Sabuni."

"Basi tutajie duka, na sisi tupendwe."

Jioni hiyo alilinusa koti la kazi la mkewe lililotundikwa mlangoni. Kweli, palikuwa na harufu tamu kidogo, kama tunda lililolala. Mfukoni akakuta karatasi ya kung'aa, na ndani yake kizibo kidogo cha mpira cha rangi ya kijivu. Harufu ilitoka humo.

Kama kuna kizibo, kuna chupa. Alipekua kabati, chini ya godoro, hata ndani ya kopo la sukari. Hakuipata, na kutoipata kulimthibitishia kwamba imefichwa vizuri. Kizibo akakifungia kwenye droo ya ile meza, ndiyo pekee iliyokuwa na kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Siku chache baadaye mkewe akaleta habari ya safari. Wangekwenda kukusanya dumuzi maghalani na misituni, wiki mbili, yeye, Daktari na dereva.

"Ukienda," fundi alisema taratibu, "usirudi."

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Rudia basi, nihakikishe nimesikia vizuri."

Hakurudia. Alikwenda karakana akapiga randa ubao usiohitaji randa. Mkewe akampigia simu kaka yake, mwoka mikate, aje Jumapili, maana neno kama hilo haliachwi lilale ndani ya nyumba. Fundi hakupinga. Jumapili angetoa ushahidi.

Katikati ya siku hizo unga ukaanza kuonekana chini ya meza. Aliufagia akidhani ni wa msasa. Kesho yake upo tena. Jioni vidudu vyeusi vilipita hewani kutoka upande wa ghala, vikagonga taa. Akampigia simu muuza mbao na kumfokea kwa kumuuzia mbao mbovu.

"Mbao zangu ni safi, fundi," yule akajibu. "Tazama nyumbani kwako."

Jibu hilo nalo fundi alilielewa kwa namna yake.

Jumapili mwoka mikate alikaa karakana, dada yake akasimama mlangoni.

"Haya shemeji, nimeitwa kwa neno zito. Lisemwe."

"Silisemi. Nalionyesha."

Alizungusha ufunguo. Droo iligoma. Akavuta kwa mikono miwili, na ubao wa mbele ukatoka peke yake. Unga ukamwagika juu ya viatu vya mwoka mikate.

"Hata siku ya mapumziko, unga tu!" alisema, akiruka nyuma.

Ndani ya droo palikuwa na rundo jeusi linalotambaa. Mkewe alipiga magoti, akaingiza vidole, akakitoa kile kizibo.

"Chambo changu," alisema. "Nimekitafuta kituo kizima mpaka nikaitwa mzembe. Hii ndiyo harufu ya dume, imetengenezwa, tunaitundika mitegoni. Wewe umeifungia kwenye mbao, ukuta mmoja na ghala?"

"Nilidhani ni kizibo."

"Cha nini?"

Fundi alitazama mabati. "Cha manukato."

"Nani aninunulie manukato?"

Shemeji yake alikohoa, kikohozi kikageuka kicheko. "Yaani shemeji, muda wote huu unamwonea wivu dume la dumuzi?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa akitazama kioo cha duara, na uso wake uliokaa katikati yake kabisa. "Huyu mteja wako tuko kimo kimoja," alisema.

"Ni yako."

Aliweka kiganja juu ya meza. Ubao ukabonyea, vumbi likatoka. "Ungeniuliza tu. Hiki ni nini, mama watoto. Basi."

"Niliogopa utanijibu."

Alinyanyuka, akajikung'uta magoti. "Safari ni Jumatano," alisema, akaingia ndani.

Jumatatu Daktari alikuja mwenyewe, kwa kuwa dumuzi waliotoka ghalani wakaingia kwenye mbao ndio hasa aliowataka. Alikuwa kila kitu fundi alichokiogopa: kijana, mtanashati, sauti nzuri. Alichuchumaa na kioo cha kukuzia, akawa anasema, "Nzuri sana! Nzuri mno!" Mlezi wake alimpa kichupa kabla hajamaliza kukiomba. Hilo lilimchoma fundi kuliko manukato yote, na hapakuwa na kosa la kushika.

"Daktari, umeona hiyo droo ilivyounganishwa? Haina msumari hata mmoja."

"Eh? Ndiyo, ndiyo, fundi. Wameitoboa vizuri sana."

Jumatano gari lilipiga honi. Fundi alibeba mkoba wa mkewe hadi barabarani. Daktari alikaa mbele, mkewe akaingia nyuma pamoja na masanduku ya mitego. Fundi aliupima kwa macho umbali wa kiti hadi kiti, akaupima tena. Hakuuachia mlango.

"Una neno?" mkewe aliuliza.

Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kioo hakikuharibika. Natafuta mbao ngumu. Ukirudi utaikuta meza."

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Rudia basi, nihakikishe nimesikia vizuri."

"Ukirudi," fundi alisema, kwa sauti ya kufika hadi kiti cha mbele.